Jeneza la Emily Lilifungwa kwa Skrubu za Nyota

Nilikuwa nimekaa juu ya jeneza la dada yangu, bisibisi mkononi, na mume wake ananijia na panga.

Mchana kweupe. Chekalini, kwa boma la watu, hema limejaa waombolezaji, pasta ameshika Biblia... na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumwambia Titus weka hiyo kitu chini.

"Shuka," akaniambia.

Sikushuka.

"Mideva, nitakukata mbele ya mama yako."

"Kata. Lakini leo mimi nitamwona Emily."

Akainua panga...

Ngojeni kwanza. Najua kuna wenye washaanza kuandika huko chini kwamba huyu mwanamke ana wazimu, anakalia maiti. Wacha niwaambie mahali hii maneno ilianzia, halafu mnihukumu mkipenda.

Mimi ni mtoto wa Mautuma. Kwa mama tuko watatu: mimi, halafu Eugene, halafu Emily, kitinda mimba wetu. Mimi naishi Kakamega mjini, Amalemba, na kazi yangu ni kutengeneza pawa, ile misumeno ya petroli ya kukata miti.

Ndio, mwanamke. Mkimaliza kushangaa tuendelee.

Emily aliolewa hapo Chekalini na huyu Titus. Titus ni mtu wa mjengo, anaezekanga mabati. Ukimwona kanisani ungempenda bure. Ndiye anapanga viti, ndiye anabebea wamama sufuria, ndiye anacheka na kila mtu.

Nyumbani kwake alikuwa mnyama.

Alimtoa dada yangu jino. Alimvunja mkono, ukapona vibaya, mpaka leo haunyooki. Kila mara Emily alikuja kwetu. Kila mara wazee wakakaa, Titus akapiga magoti, akanywa chai yetu, akarudishiwa bibi yake kama kuku aliyepotea.

Mwaka huu Emily akachoka kabisa. Akaleta mtoto wake, Natasha, aingie shule Mautuma akiwa kwa mama. Halafu akanipigia simu. Akaniambia anarudi Chekalini kuchukua nguo zake tu, kisha anakuja kukaa na mimi Amalemba. Ndoa imeisha.

Nikamwambia achana na nguo, nguo nitakununulia. Akacheka. Akasema kuna gauni lake la bluu la kanisa hawezi kumwachia yule mtu.

Kutoka hapo simu yake ikazima.

Kabla hata sijafunga safari ya kumfuata, Titus akampigia mama yetu akilia. Ati Emily alimtoroka akaenda Nairobi, na huko akagongwa na lori akivuka barabara. Amekufa. Yeye tayari yuko njiani kuchukua mwili.

Mama alianguka hapo hapo kwa mlango wa jikoni.

Kesho yake pikapu ikaingia Chekalini na jeneza. Hakuna mtu wa kwetu aliitwa kwenda mochari. Hakuna aliyeulizwa nguo ya kumvalisha. Titus alikuja na dada yetu kama mtu amebeba kabati.

Mimi nilifika jioni hiyo nikiwaka. Nilimwambia mbele ya watu kwamba Emily hakuwa na safari ya Nairobi, alikuwa anakuja kwangu. Titus akasema mimi ndiye nilimharibia ndoa, na nikikanyaga kwake tena kabla ya siku ya mazishi ataniweka kwa shimo moja na dada yangu. Ilibaki kidogo tushikane. Wazee wakanivuta kando, wakanibembeleza nirudi Kakamega nitulie, mazishi ni Jumamosi, tusiaibishane.

Nikarudi. Roho ilikataa lakini nikarudi, kwa sababu mama aliniomba.

Alhamisi niko kazini, pawa ya mteja imefunguliwa mezani, Eugene akanipigia. Alikuwa ananong'ona.

"Mide, kaburi limechimbwa. Wanazika leo."

Sikuuliza swali. Nilitoka na overoli yangu ya mafuta, nikachukua pikipiki ya mteja aliyekuwa anangoja pawa yake, nikaikimbiza mpaka Chekalini. Huyo mteja mpaka wa leo hajaniuliza. Mungu ambariki.

Kilichonipokea ni kelele.

Titus alikuwa ameweka spika kubwa mbili na jenereta nyuma ya nyumba, karibu na stoo yake ya mahindi. Tangu jeneza lilipofika, muziki wa matanga haukuwa umezimwa, usiku na mchana. Mtu ukitaka kumwambia mwenzako kitu ulikuwa unamshika sikio. Nilimlaani kwa roho. Nikadhani ni maringo tu, anataka ionekane amemlilia bibi yake zaidi ya watu wote.

Mama nilimpata ameketi kwenye mkeka kando ya kaburi, sauti imemwisha, mama mzazi wa Titus amemshika mkono. Jeneza lilikuwa limeshaletwa hapo, limewekwa juu ya viti viwili. Nikamuuliza kama amemwona Emily.

Akatikisa kichwa.

Sasa nyinyi wenye si wa huku, muelewe kitu kimoja. Kwetu mtu hazikwi bila kuonwa. Hata kama amebaki mguu tu, senje, yule shangazi wa upande wa baba, ataingia, atamwangalia, atatoka aseme ndiye. Ndio tunaanza kuimba. Usipoonyesha maiti ni kama umeomba vita.

Lakini Titus alikuwa amewaambia sura iliharibika, daktari alikataza, ataogopesha mama mzazi. Na wakati senje wetu alisema ataangalia hata hivyo, Titus akawaambia sawa, fungueni.

Alijua hawawezi.

Kwa sababu kile kifuniko hakikuwa na misumari, wala zile bawaba za kawaida. Kilifungwa kwa skrubu pande zote, mpya, zinang'aa. Fundi wa hapo senta aliitwa na bisibisi ya bapa, ikateleza. Akaleta ile ya msalaba, ambayo huku kwetu ndiyo tunaiita star, ikazunguka bure. Akaleta patasi, ikaruka ikamkata kidole.

Kupasua kwa shoka, wazee walikataa. Jeneza likiguswa na shoka, wanasema, linaita jeneza lingine kwa hiyo boma kabla mwaka kuisha. Hakuna mtu alitaka kuwa huyo mwingine.

Basi wakakubali azikwe hivyo.

Nikainama nikaziangalia zile skrubu. Kichwani zilikuwa na shimo la nyota. Nyota ya kweli, ncha sita. Chekalini yote kila nyumba ina bisibisi mbili ndani ya mkebe, bapa na msalaba. Nyota ya ncha sita hakuna mtu anayo. Titus alizitoa huko kwa mijengo mikubwa anakofanyanga kazi, na alijua anachofanya.

Kitu hakujua ni kwamba pawa nyingi nzuri, mwili wake wote umeshikwa na nyota za hivyo. Na bisibisi yake ilikuwa kwa mfuko wa overoli yangu, juu ya paja, mahali inakaa kila siku ya kazi.

Nikanusa. Mtu aliyetoka mochari ananuka dawa. Hapa hapakuwa na dawa. Na kona moja ya jeneza ilikuwa inatoa maji ya kahawia, yananata. Niliyagusa nikadhani ni damu ya dada yangu, na hapo kitu ndani yangu kikakatika.

Nikapanda juu ya jeneza, nikalikalia ili wasilivute, nikachomeka bisibisi kwa skrubu ya kwanza.

Ikaingia vizuri kabisa. Ikazunguka.

Nikatoa ya kwanza, nikatoa ya pili, nikazitupa kwa udongo. Ndio Titus akaniona. Ndio akachukua panga kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakata mizizi kando ya kaburi. Tumerudi pale nilipowaachia.

Akainua panga, akalishusha.

Eugene aliingia katikati na kiti cha plastiki. Panga likapita kwa kiti, likapita kwa mkono wa Eugene juu ya kiwiko, nikaona nyama nyeupe kabla damu ije. Eugene hakuanguka. Alimpiga Titus na kile kiti kilichobaki, usoni, wakaenda chini wote wawili.

Mimi sikuacha kufungua.

Binamu yake Titus, mtu mmoja mkubwa anaitwa Cornelius, akanishika nywele kutoka nyuma. Akanipiga ngumi ya sikio, nikasikia filimbi ndani ya kichwa. Akanipiga ya mdomo, jino likalegea, nikalimeza. Nilikuwa nimebana jeneza kwa magoti, mkono mmoja umeshika kamba ya kifuniko, mwingine unazungusha bisibisi. Nywele alizong'oa mpaka leo hazijaota vizuri.

Senje wetu ni mzee, lakini siku hiyo alikuwa na sufuria ya maharagwe ya moto. Cornelius aliipata yote kwa mgongo.

Akaniacha akipiga nduru.

Lakini Titus alikuwa amejitoa kwa Eugene. Alikuja akanishika koo kwa mikono miwili. Vidole vyake viliingia kabisa. Nikaanza kuona giza kwa pembe za macho, watu wakawa mbali, muziki ukawa mbali. Mama yangu, yule aliyekuwa hana sauti, akatambaa chini akamshika mguu, akamuuma. Alimuuma kwa misuli ya nyuma na hakuachia hata alipopigwa teke la kifua.

Hapo nikapata mkono mmoja.

Nikamdunga Titus na bisibisi. Iliingia kwa mkono wake, upande wa ndani, chini ya kiwiko, ikagonga mfupa. Nikaizungusha, tu vile nazungusha skrubu. Sitawadanganya, sikumhurumia hata kidogo. Akaachilia koo langu na kuanguka kando.

Nikaichomoa. Ilikuwa imebaki skrubu moja. Nikaipangusa nyota kwa overoli, nikaitoa.

Nikashuka, nikavuta kifuniko, kikaanguka.

Gauni la bluu la Emily lilikuwa ndani. Lilikuwa limevaliwa vizuri, limefungwa vifungo vyote.

Lilikuwa limevalishwa gogo la mgomba.

Gogo bichi, limekatwa kwa urefu wa mtu, utomvu unatoka chini, na mawe mawili yamewekwa miguuni ili wabebaji wasikie uzito. Bisibisi ikanitoka mkononi, ikabiringika, ikaingia kaburini. Sikujali. Nilikuwa nimesimama tu.

Wenye si wa huku mtasema aah, mgomba tu. Sivyo. Mtu wa kwetu akipotea kabisa, akafa maji au vitani mwili usipatikane, wazee wanazika mgomba mahali pake. Unazikwa wazi, kila mtu akijua. Na ukishazikwa, huyo mtu amehesabiwa. Hata akitokea mwaka ujao akiwa mzima, hapiti tena lango la hiyo boma. Ni maiti inayotembea. Hicho ni kitu watu wanaogopanga kutaja hata kwa mzaha.

Na Titus alikuwa karibu kuushusha kwa siri, kwa jina la dada yangu, mama mzazi akitupa udongo wa kwanza.

Nani alitupa jiwe la kwanza? Ningependa kuwaambia ni mwingine. Ni mimi. Nilichukua jiwe moja la yale mawili ndani ya jeneza, nikampiga nalo kwa taya. Nikasikia taya imetoka.

Halafu kila mtu akaja.

Wale wale waliokuwa wanamwogopa dakika hiyo iliyopita. Wakaja na fimbo, na miguu ya viti, na majembe ya kuchimbia kaburi. Waliompenda kanisani ndio walipiga sana. Mbavu za mtu zikivunjika zinalia, jameni, msiombe kusikia. Mtu akaleta tairi kutoka langoni akamvisha. Mtu mwingine akakimbia kwa jenereta, akavuta ule mpira wa petroli, akaanza kukinga ndani ya jagi la maji ya kunawa.

Nami nilikuwa hapo, napiga teke, nafurahia.

Halafu kitu kikaniambia... wewe Mideva. Huyu akichomwa, nani atakuonyesha Emily yuko wapi?

Nikajitupa juu yake.

Nililala juu ya mtu niliyekuwa nataka afe, ndani ya tairi, nikamfunika na mwili wangu. Fimbo mbili zilinipata mgongoni kabla wajue ni mimi. Mmoja akanipigia kelele kwamba nimenunuliwa. Eugene alikuja na mkono wake unaning'inia, akasimama juu yetu akawaambia atakayetupa kiberiti aanze na yeye.

Nikamshika Titus masikio yote mawili.

"Emily yuko wapi?"

Akacheka. Nawaapia, na ile taya imepinda, akacheka.

"Mkono wangu haujamwaga damu yake," akasema. "Mgomba ungeshuka, na yeye angefuata mwenyewe."

Hamjaelewa? Hata mimi ilichukua muda. Mtu wetu anaogopa damu ya bibi yake kuliko jela. Ukiua bibi kwa mkono wako, wanasema, uzao wako umekwisha. Basi Titus alipanga asimuue. Alipanga amhesabu na wafu, tumzike sisi wenyewe, na yeye akae pembeni angoje mwili umfuate mgomba wake.

Maana yake bado hajafa.

Nikaweka kidole gumba ndani ya lile tundu nililomtoboa mkononi. Nikabonyeza. Akalia, lakini hakusema.

"Yuko wapi, Titus?"

Hapo jenereta ikakohoa. Ule mpira ulikuwa umetolewa, petroli ilikuwa inakwenda ndani ya jagi. Ikakohoa tena, ikazima.

Spika zikanyamaza.

Mara ya kwanza tangu jeneza liingie hiyo boma, palikuwa kimya. Tulisikia kuku. Tulisikia mtoto wa mtu analia barabarani.

Halafu tukasikia... ko. Ko.

Mbao. Mtu anagonga mbao, polepole, kama amechoka kugonga.

Ilitoka kwa stoo ya mahindi, pale nyuma ya jenereta, mahali zile spika zilikuwa zimeegemea.

Sikumbuki nikikimbia. Nakumbuka tu nimefika, na Eugene, na watu nyuma yetu. Mlango wa mbao nene, na vyuma viwili vipana vimepigwa kutoka fremu hadi fremu. Vyote vimeshikwa na skrubu. Nyota za ncha sita, zinang'aa, ndugu za zile za jeneza.

Chini ya mlango kulikuwa na upenyo. Vidole vinne vilikuwa vimetokea hapo.

Jamaa mmoja akainua shoka. Nikamsukuma akaanguka. Emily alikuwa amelala kwenye mlango wenyewe, mwili wake wote umeegemea mbao, shoka ingepita ndani yake. Na tulipojaribu kumwambia asonge nyuma, vile vidole havikusonga.

Bisibisi ilikuwa kaburini.

Kaburi wazi halina mtu wa kuingia tena likishamaliza kuchimbwa. Wanaolichimba wanatoka, basi, anayefuata ni mwenyewe. Mimi niliruka ndani mzima mzima. Nikasikia wamama wanapiga nduru huko juu, mmoja anaita jina la marehemu baba yangu. Nikapapasa udongo kwa magoti, nikaipata, nikajiinua kwa kucha. Kama kuna kitu kitanifuata kwa sababu hiyo kije, kitanipata Amalemba.

Nyota ilikuwa imejaa udongo na damu. Nikainyonya nikatema, nikapangusa. Skrubu ya kwanza ikakataa, mikono ilikuwa inateleza. Mama alikuwa amefika akitambaa; nikamvua kitambaa cha kichwa nikaishika nacho. Ikalia, ikaachia. Wakati wote nilikuwa namwongelesha. Nilikuwa namtukana, kusema ukweli. Nikamwambia amefuata gauni, si niliwaambia nyinyi wote huyu mtoto hasikii, akifa sasa hivi nitamfuata huko huko nimchape.

Chuma cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikaanguka. Eugene akavuta mlango kwa mkono wake mzima, kidogo kidogo, na Emily akaja na mlango akaniangukia mapajani.

Mikono ilikuwa imefungwa kwa kamba, ngozi imeliwa mpaka kwenye wekundu. Kitambaa alichozibwa nacho mdomo kilikuwa kimeshuka shingoni. Midomo imepasuka. Jicho moja limefunga. Vifundo vya vidole alivyokuwa anagongea havikuwa na ngozi.

Aliniangalia. Kisha akamwangalia mama.

"Mbona mlikuwa mnaimba kwa sauti hivyo?" akauliza.



Alikuwa amesikia kila kitu. Alisikia mama akilia jina lake. Alisikia pasta akisoma maisha yake. Aliita mpaka sauti ikaisha, akaanza kugonga, na kila akigonga sisi tunaimba. Na kuna wimbo mmoja Emily alikuwa anaupenda sana, na mama ndiye aliyeenda kwa kijana wa spika akamwomba aupandishe kabisa, ili mtoto wake ausikie huko aliko.

Mama alipokumbuka hiyo, alijipiga na ukuta wa stoo mpaka tukamshika.

Polisi walimchukua Titus akiwa hai. Nilihakikisha. Yuko ndani, mbavu zimefungwa, taya imeshonwa kwa waya, na atakula kupitia mrija muda mrefu. Cornelius pia yuko ndani, yeye ndiye aliendesha ile pikapu. Eugene alishonwa, vidole viwili havishiki kitu. Emily akalazwa hapa Kakamega.

Sasa mtu wa akili ataniuliza: aliishije siku hizo zote bila maji wala chakula?

Hata mimi nilijiuliza. Nilikuwa nimeona kopo ndani ya stoo, limekauka uji.

Siku ya tatu ya hospitali, niko kando ya kitanda, mlango wa wodi ukafunguliwa. Mama Navalayo. Mama mzazi wa Titus. Yule aliyekaa na mama yangu mkeka mmoja tangu jeneza lifike, wakilia pamoja, akimshika mkono, akimpangusa machozi na leso yake mwenyewe.

Alikuwa amebeba chupa ya uji.

Emily alipoona ile chupa akageukia ukuta. Ndipo nikaelewa.

Mama Navalayo akapiga magoti kwa sakafu. Akasema ni yeye aliyemweka hai. Kila asubuhi alikuwa anaenda nyuma kana kwamba anaangalia jenereta, anapitisha kopo chini ya mlango. Titus hakujua. Kama si yeye tungefungua stoo tupate maiti. Alikuja nimshukuru, au nimsamehe, sijui. Alilia kwa uchungu wa kweli, hilo sitamnyima.

"Ningemfungua, mwanangu," akaniambia. "Lakini zile skrubu... sikuwa na bisibisi ya kuzitoa."

Mimi mnanijua kwa hasira. Mkono ulikuwa umeshainuka. Emily ndiye aliushika, na ule mkono wake mbovu, akauteremsha.

"Ulikuwa na mdomo, mama," Emily akamwambia.

Ni hivyo tu. Hakumtusi, hakupaza sauti, na hakuugusa ule uji.

Mama Navalayo alikaa pale sakafuni. Mwisho akainuka, akachukua chupa yake, akaenda.

Wengi wenu mtaniandikia hapa kwamba nimsamehe, aliogopa, ni mwanawe. Sawa. Lakini mimi nimefungua skrubu nyingi maisha yangu, na nawaambia zile za Titus hazikuwa ngumu. Dakika chache, kifaa sawa, zimetoka. Kilichomfungia dada yangu ni mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa mama yangu, mkono wake ndani ya mkono wa mama yangu, akijua, na akaimba.

Kama unasoma hii, na kuna nyumba hapo karibu nawe unaijua, na kuna mtu ndani yake unayemsikia, usimpelekee uji.

Sema.